Ukilipiga ua picha, uliza na jina lake

Leo naomba tuziweke kando habari za karo na bei ya unga, tutoke nje tukapumue. Chukua simu yako, maana siku hizi simu ndiyo kamera ya kila nyumba, tukapige picha za maua ya mwituni. Lakini kabla hatujavuka lango, nina kisa kimoja cha kukusimulia.

Mwaka 1996 nilinunua kamera yangu ya kwanza, ya mtumba, pamoja na filamu moja ya picha 36. Wakati huo picha ilikuwa mali. Ulilipia filamu, ukalipia kusafishwa, ukalipia na kuchapishwa. Nikaenda nayo nyumbani Mukurweini kujigamba. Nyanya yangu, yaani mama mzaa baba, alikuwa na shamba la kahawa linaloteremka hadi kijitoni, na kwenye ukingo wa njia palikuwa na ua dogo la rangi ya zambarau. Lilichanua majuma machache baada ya mvua ya kwanza, na nyanya alilitumia kama kalenda. Akiliona limefunguka, humwambia jirani ambaye bado hajapanda maharagwe kwamba amekwisha kuchelewa.

Siku hiyo aliniita. "Njoo ulipige picha hili kabla mbuzi hawajalila." Akaushika ushina wake kwa vidole viwili lisitikiswe na upepo. Nami nikapiga picha moja tu, kwa kubania filamu, kwani zilizobaki nilikuwa nimeziwekea safari ya Mlima Kenya. Nikasogea karibu mno, nikabonyeza, nikaenda zangu. Jina la ua sikuliuliza.

Picha iliporudi kutoka studio, mkono wa nyanya ulitambulikana, na kucha zenye udongo mwekundu. Ua lenyewe lilikuwa ukungu wa zambarau. Nilijiambia nitalipiga tena mwaka ujao. Mwaka ujao nikasema mwaka ujao. Nyanya alifariki mwaka 2003. Baadaye njia ikapanuliwa, ukingo ukakatwa, na ua likaenda na udongo. Niliwauliza shangazi zangu wawili jina lake, wakanitajia majina mawili tofauti, kisha wakabishana hadi chai ikapoa. Hatimaye nilimwonyesha picha ile mtu mmoja anayeijua mimea. Aliigeuza huku na huku, akaniambia kwa upole, "Huu ni mkono wa mama mkulima. Ua silioni."

Ndiyo maana leo sikufundishi kupiga picha peke yake. Picha ya ua la mwituni ina sehemu tatu: ua lenyewe, mahali linapoota, na jina ambalo watu wa mahali hapo wanalijua. Ukikosa moja, umebaki na kadi ya posta.

Mwenyeji ni nani, mgeni ni nani?

Tuanze na swali ambalo wanafunzi wengi hulikosea. Ukimtuma mtoto alete picha za maua ya asili ya Kenya, aghalabu atakuletea jakaranda, bogonvilia, lantana, na yale maua ya manjano mfano wa alizeti ambayo watu wameyapanda mipakani, yaitwayo Tithonia. Yote ni mazuri, na yote ni wageni. Jakaranda na bogonvilia asili yao ni Amerika ya Kusini. Tithonia ilitoka Mexico na Amerika ya Kati. Lantana ile ya maua ya rangi mchanganyiko ni ya Amerika vilevile, na sasa imevamia malisho na vichaka vingi vya nchi yetu. Hata mucege, ule mmea unaotuganda kwenye suruali kwa vibegu vyake vyeusi, ulivuka bahari.

Sisemi tuwachukie wageni. Nyuki wanakula kwao, na mbuzi pia. Nasema tuwajue wenyeji kwanza.

Jambo la ajabu ni kwamba wenyeji wetu wanajulikana zaidi ughaibuni. Mwaka 1892 ofisa mmoja Mjerumani aliyefanya kazi upande wa Tanga, Walter von Saint Paul, alipeleka kwao mmea mdogo wenye maua ya zambarau kutoka misitu ya huko. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Leo mmea huo umo vyunguni kwenye madirisha ya nyumba Ulaya na Marekani. Ilhali huku kwao, katika misitu ya Usambara na ya milima ya Taita, aina za mwituni zimebaki mahali padogo padogo, na kila msitu unapokatwa zinapungua. Bibi wa London anaumwagilia maji kila asubuhi; mtoto wa Voi huenda hajauona.

Maua ya kando ya njia

Sasa tutoke. Huna haja ya kwenda mbali. Mukurweini ni nchi ya migongo na mabonde, kahawa huku na nyasi za ng'ombe kule, na kila ukingo usiolimwa ni bustani.

Wa kwanza kukusalimu ni mukengeria, yule ambaye wakulima humng'oa na sungura humshangilia. Ana maua madogo ya buluu, petali mbili kubwa kama masikio na ya tatu ndogo chini. Lakini uwahi! Hufunguka asubuhi na kujikunja kabla ya jua kuwa kali. Mwenye kulala hadi saa tano hatampata. Tena kuna jamaa mmoja wa ukoo huo, Commelina benghalensis, ambaye mbali na maua ya juu hutoa mengine chini ya udongo, yanayozaa mbegu bila kuona jua. Mkulima anayemng'oa akidhani amemmaliza, ameacha watoto ardhini.

Kwenye ua wa miti utaona mtambazi mwenye maua ya rangi ya machungwa na jicho jeusi katikati. Wataalamu humwita Thunbergia alata, na asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, ingawa amepandwa duniani kote. Huyu huidanganya kamera. Simu ikiona weusi wa lile jicho na majani yaliyokoza, huongeza mwanga hata petali zikaungua zikawa kama karatasi. Gusa kioo cha simu juu ya petali, kisha upunguze mwanga kidogo mpaka uone mishipa ya petali.

Maigoya nayo huhitaji maelezo? Wazee wanayakumbuka majani yake laini kwa kazi ambayo sitaitaja gazetini siku ya Jumapili, kabla ya karatasi za chooni kufika vijijini. Lakini je, umewahi kulitazama ua lake? Ni mshumaa wa buluu iliyoingia zambarau, na kila ua dogo lina umbo la mtumbwi. Simama karibu nalo dakika tano tu, nyuki watakuja wenyewe kwenye picha.

Kisha inua macho. Muhuti huchanua mwekundu wakati matawi yakiwa hayana majani, na ndege aina ya chozi huja kunyonya. Mpe jua mgongo wako, mwache muhuti asimame mbele ya anga ya buluu, halafu subiri.

Na mukurwe je? Mukurweini maana yake ni penye mukurwe. Watu wangapi wa Mukurweini wanalijua ua la mti uliowapa jina? Ni vishada vya nyuzi nyeupe zenye wekundu, juu kabisa kwenye kilele kilicho bapa kama meza. Ukiwa chini ya mti huoni kitu. Lakini nchi yetu ni ya miteremko, kwa hivyo panda mgongo wa juu, uutazame mti ulio chini yako kama anavyoutazama ndege.

Namna ya kupiga

Wengi hufikiri picha nzuri hutoka kwa simu ya bei ghali. La hasha! Hutoka kwa magoti yaliyochafuka. Shuka uwe sawa na ua. Ukilipiga ukiwa umesimama, utapata picha ya udongo wenye doa.

Mwanga bora ni wa saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena baada ya saa kumi jioni. Yale mawingu ya Julai tunayoyalalamikia Nyeri ni rafiki wa mpiga picha, maana hulainisha mwanga na kuondoa vivuli vikali. Ukilazimika kupiga adhuhuri, mwambie mtoto atandaze leso juu iwe kivuli. Karatasi nyeupe ya daftari ikishikwa upande wa chini hurudisha mwanga ndani ya ua linaloinama.

Usisogee kupita kiasi, lile kosa langu la mwaka 1996. Kila kamera ina umbali ambao ukiupita haioni tena vizuri. Rudi nyuma kidogo, piga, kisha uikuze picha hapo hapo uhakikishe nywele za petali zinaonekana. Upepo ukivuma, ngoja. Upepo nao huchoka. Tazama pia nyuma ya ua, maana mfuko mmoja wa plastiki unatosha kuharibu kazi ya Mungu.

Wala usiling'oe ulipeleke penye mwanga. Ua lililong'olewa halina mbegu za mwaka ujao. Isitoshe, mengine yana sumu. Lile zuri la miali myekundu na manjano, Gloriosa superba, lina sumu kila mahali, hasa kwenye kiazi chake, na limekwisha kuua watu. Waonye watoto, macho yaguse na mikono ikae.

Kwa kila ua piga picha tano: ua kwa mbele, ua kwa ubavuni, jani juu na chini, mmea mzima, na mahali penyewe. Katika moja weka sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Kwa nini jani? Kwa sababu maua mengi hufanana kama mapacha, na mtaalamu huwatenganisha kwa jani, nywele za shina, na namna majani yalivyopangwa. Picha ya ua peke yake ni kama picha ya kitambulisho iliyoonyesha kofia tu.

Juu kwenye nyika ya erika

Ukimaliza ya kando ya njia na moyo ukataka zaidi, ufuate mto Gura kinyumenyume. Maji yale yanayopita kwa kasi mabondeni mwetu huanzia juu, kwenye nyika baridi za Nyandarua, ambako kuna Hifadhi ya Taifa ya Aberdare iliyoanzishwa mwaka 1950. Kutoka Nyeri waweza kuingia kwa lango la Kiandongoro. Upande wa pili uko Mlima Kenya, hifadhi tangu mwaka 1949, na njia ya Naro Moru huwafaa wengi.

Juu ya msitu na mianzi, kiasi cha mita 3,000 kwenda juu, miti huacha kuwa miti. Unaingia katika vichaka vya erika, mmea wenye vijani vyembamba kama sindano na maua meupe madogo kama punje za mtama. Kule Afrika Kusini jamaa zake, aina zaidi ya 600, wameteremka hadi karibu na bahari, na wapiga picha huwafuata mabarazani mwa pwani. Kwetu erika imekimbilia milimani, kwa kuwa ndiko kwenye baridi.

Katikati yake utaona Kniphofia thomsonii, aliyesimama kama mwenge, mwekundu wa machungwa. Jina lake la pili ni la Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita nchi hizi mwaka 1883. Ukizidi kupanda Mlima Kenya utakutana na lobelia kubwa. Kule mchana jua linaunguza na usiku maji yanaganda, nayo lobelia ina mbinu zake. Aina moja hukusanya maji katikati ya majani yake, maji hayo huganda juu kama kifuniko, na chipukizi lililo chini halipigwi na baridi. Nyingine, Lobelia telekii, iliyoitwa hivyo kwa Teleki, msafiri kutoka Hungaria aliyefika mlimani mwaka 1887, imevaa manyoya marefu kama mkia wa mbwa, na maua yake ya buluu yamefichwa ndani. Hiyo huishi miaka mingi bila kuchanua, huchanua mara moja tu, kisha hufa. Kwa hivyo usiyapanue manyoya kwa vidole ili upate picha. Piga asubuhi jua likiwa ubavuni, manyoya yatawaka yenyewe.

Tahadhari ni chache lakini ni za lazima. Usitoke garini wala kuingia porini bila ruhusa ya askari wa hifadhi, maana nyati hasomi magazeti. Piga kazi yako mapema, kwani mchana ukungu hushuka bila hodi. Weka simu karibu na mwili, baridi humaliza betri. Na moto usiuwashe kabisa. Erika hushika moto upesi, hata ikiwa mbichi. Mwezi Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la nyika ya Mlima Kenya, na mimea ya baridi hukua polepole mno kurudi.

Jina liko kwa nani?

Huenda ukaniuliza, kazi hii si imekwisha kufanywa na wasomi? Kweli imefanywa, na tuwashukuru. Joy Adamson, kabla ya kujulikana kwa simba wake Elsa, alichora mamia ya maua ya nchi hii kwa rangi za maji, akatunukiwa medali ya dhahabu London mwaka 1947. Hazina ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyo katika Makumbusho ya Taifa Nairobi, ina vielelezo vilivyokaushwa takriban milioni moja. Na mwaka 2012 ilikamilika orodha kubwa ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952. Imeeleza aina 12,104. Miaka 60 ya kazi!

Kwa hivyo jina la Kilatini la ua la nyanya yangu huenda limo humo. Lakini jina lake yeye je? Mwaka 1994 Henk Beentje alichapisha kitabu cha miti na vichaka vya Kenya, na ndani yake mna majina ya lugha zetu. Muhuti umo, mukurwe umo. Lakini vijimea vidogo vya kando ya njia, visivyo miti wala vichaka, havimo. Majina ya vijimea hivyo mengi yamebaki vichwani mwa wakina nyanya, pamoja na habari zake: hili huonyesha msimu, hili mbuzi hawali, hili lilikuwa dawa ya jicho la ndama. Kichwa hicho kikilala, hakuna makumbusho ya kwenda kuuliza.

Basi nakupa kazi ya nyumbani, wewe na watoto. Mtakapokwenda mashambani kuwaona wazee, pigeni picha za maua matano tu ya karibu na nyumba. Jioni, kaeni na nyanya, mwonyesheni kwenye kioo cha simu, mkiikuza picha ili aone. Mwulizeni mambo matatu: linaitwaje, lilitumiwa kwa nini, na huchanua lini. Yaandikeni majibu katika daftari la karatasi, pamoja na tarehe, mahali na jina la aliyewaambia. Nasema daftari, kwa sababu picha za simu huzama katikati ya picha za harusi, na simu huibwa stendi. Ikiwa nyanya wawili watatofautiana, andikeni yote mawili. Afadhali majina mawili kuliko hata moja.

Mimi nimekwisha kuanza. Aprili iliyopita binti yangu alilala kifudifudi kwenye umande akampiga mukengeria, kisha akampelekea bibi yake, mama yangu. Mama alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, akacheka. "Miaka yote hii namng'oa," alisema, "sikujua ana uso." Kisha akaanza kutaja mengine, moja baada ya jingine, hata binti yangu akaomba asimame kidogo kalamu imfikie. Kurasa nne zilijaa usiku huo.

La zambarau halikuwamo. Mama alilikumbuka ua, lakini jina lilimponyoka. Kila mvua ikianza mimi huutembea ukingo uliobaki kutoka barabarani hadi kijitoni, na siku nitakayoliona nitapiga picha zote tano na kukuarifu papa hapa.

Hadi Jumapili ijayo, mpenzi msomaji, kwaheri ya kuonana.